Mbuzi Kwenye Kaburi la Babu

Juzi niliona mbuzi wawili wamefungwa kwenye ploti iliyoota kichaka kule Amalemba. Harufu ya majani yaliyotafunwa ilinirudisha utotoni, kwa kukhu, nyanya yangu.

Kaburi la babu, pembeni mwa boma, lilikuwa limemezwa na vichaka, na wageni wa ukumbusho walikuwa karibu kuja. Kukhu akamfunga mbuzi wangu Sukari pale ili apasafishe. Nilisikia meno yake yakisaga, kru, kru, nikawaza kwamba kichaka kikiisha, naye ataingia sufuriani. Nikamhamishia kwenye nyasi fupi.

"Wee mama, mbona unamnyima mwenzako chakula?" kukhu aliuliza nyuma yangu.

"Akimaliza mtamchinja!"

Alicheka mpaka akakaa chini. "Wageni nitawachinjia ingokho, yule jogoo wa makelele. Sukari alizaliwa mikononi mwa babu yako, mvua ikinyesha. Nimemleta amsalimie."

Leo najua kwamba panga lingemaliza kazi ile asubuhi moja tu. Siku ile nilifungua kamba, nikamrudisha Sukari kwa babu.