Utaonja

Juma lililopita nilikuwa natoka Msambweni kurudi Ukunda, nikasimama kando ya barabara ninunue tembo tamu la mnazi la kuumulia unga wa vitumbua. Muuzaji alikuwa kijana wa bara, mchangamfu, amepanga chupa zake za plastiki mezani kama mtu anayeuza mafuta ya taa. Akanimiminia kidogo kwenye kikombe, akaninyooshea. "Onja, mathe. Ni freshi, imeshuka sasa hivi." Nikakipokea, nikakaa nacho. Nilikuwa namngoja. Akanitazama, nami nikamtazama. "Anza wewe, mwanangu," nikamwambia. Akacheka, akasema yeye hanywi, yeye ni wa kuuza tu. Basi, mwenzangu, hofu ikaniingia, mwanamke mzima mwenye wajukuu, juani, barabarani. Nikalipa nikaondoka, kikombe nikakiacha palepale kilivyo.

Wewe uliyekulia kwingine utanicheka, na una haki. Lakini mimi ni mtoto wa mgema. Nyumbani kwetu palikuwa na mangwe, ndivyo tunavyopaita mahali pa kunywea tembo: banda la makuti, magogo ya kukalia, na sakafu ya mchanga ambayo ilikuwa kazi yangu kuifagia kabla ya chai. Baba alikwea minazi alfajiri na jioni. Ukisimama chini ulisikia kotama yake, kile kisu cha mgema kilichopinda, kikikwaruza karara, ala ya maua ya mnazi, ili utomvu usizibe. Mama alichuja jikoni, nami nilimshikia kifumbu. Nguo zetu zote zilinuka uchachu, na nyuki walitufuata hata tukienda kisimani.

Bibi, mama yake baba, alikuwa mtu wa swala tano, na alikuwa na mkataba wake na tembo. Likishuka alfajiri lilikuwa tamu, halijamlevya mtu, akalitia kwenye unga wa vitumbua. Likifika adhuhuri limekwisha chachuka, hakutaka hata kulinusa, akapita mbali na banda ameziba pua kwa upande wa kanga. Lakini likikaa siku nyingi likageuka siki, alilipokea tena kwa bismillahi akalitia kwenye achari. Baba alimtania kwamba ugomvi wake na tembo ni wa mchana tu. Bibi akimwombea aongoke, baba aliitikia amina kwa sauti kubwa kuliko sisi wote.

Sasa nikwambie habari ya kuonja. Kwetu mwenye kutoa kinywaji ndiye anayeanza kukinywa. Kibuyu hulala juu ya mnazi usiku kucha peke yake, na anayekuchukia anajua kilipo, hashindwi kukitia sumu. Kwa hiyo kila asubuhi baba alichota tembo kwa kata, akanywa funda moja mbele ya wateja wote, akafuta masharubu, ndipo akawapa. Kumpa mtu bila kuonja ilikuwa sawa na kumwambia una jambo lako. Mimi nililiona lile funda kama salamu tu, mpaka siku jirani yetu alipokasirika.

Jirani huyo alikuwa rafiki wa baba, mteja wa kwanza kufika kila siku. Wakagombana kwa minazi miwili iliyosimama mpakani, kila mmoja akisema ni ya babake. Maneno yakapanda, jirani akasimama katikati ya banda, akapiga ukelele: "Endelea tu kuigema! Iko siku utaonja!" Akatoka.

Kwingine kote neno hilo lingepita. Lakini mwambie mgema kwamba iko siku ataonja! Mzee mmoja akakiweka kikombe chake mchangani polepole, akakisukuma mbali kidogo kwa kidole cha mguu. Mama, aliyesikia yote toka jikoni, akakaa chini juu ya mbuzi ya kukunia nazi.

Tangu siku hiyo sikuwa na raha. Nikiamka, kabla sijafungua macho, naliona funda la baba. Nilikuwa nasimama nyuma ya nguzo na ufagio wangu nikitazama koo lake likipanda na kushuka, kisha natazama midomo yake, macho yake, vidole vyake, kama vitabadilika rangi. Wateja nao walibadilika. Zamani alipoonja walikuwa wakiendelea na porojo zao, sasa walikuwa wakimtazama, tena baada ya funda walingoja, kila mtu akijifanya ana jamaa wa kuulizia au mchanga wa kukung'uta viatuni. Bibi akaacha kutia tembo kwenye vitumbua, akatumia hamira ya dukani. Baba peke yake ndiye aliyekuwa anacheka. Alitoka asubuhi akipiga mluzi, akanifinya shavu, akaniuliza mbona nimenuna kama mjomba wangu. Nilimwonea hasira kwa kutoogopa kwake. Niliona ni mimi na mama tu tunaomlinda.

Halafu ikaja asubuhi moja akateremka mnazi wa mpakani amenyamaza. Kwa kawaida alishuka akiulizia chai. Mkononi alikuwa na kibuyu kisicho na kifuniko. Baba alivifunika vibuyu vyake kwa majani makavu akavifunga kwa ukili, ule utepe wa majani uliosukwa, na huo ukili sasa ulikuwa umekatika, unaning'inia. Kila mtu bandani aliuona.

Angeweza kulimwaga lile tembo. Lakini angelimwaga mbele ya wateja, angekuwa amekiri kwamba minazi yake ina sumu, na hakuna ambaye angekunywa kwake tena, na sisi hatukuwa na shamba jingine wala kazi nyingine. Alikaa juu ya gogo lake, akalichuja yeye mwenyewe, akachota. Mimi nilitaka kusema "Baba, usinywe," nikaishia kujificha nyuma ya nguzo na ufagio wangu.

Ndipo mama akaingia. Mama hakuwa na desturi ya kukanyaga bandani wanaume wakiwa wamekaa. Alikuwa ametoka mbio, buibui imemwangukia mabegani, na amemshika jirani mkono kama mtoto aliyekamatwa akiiba. Aliuona ule ukili toka jikoni, akaenda kumtoa kwake kitandani.

"Nimemleta mwenye neno lake," akasema. "Aonje yeye."

Jirani alikuwa anatokwa na jasho. "Wallahi, bwana, sikugusa kitu chako. Nilitaka kusema joto ya jiwe. Utaonja joto ya jiwe! Hasira zikanikaba, nikaishia njiani."

"Basi onja," mama akasema.

Jirani akanyoosha mkono akaipokea kata. Hapo ndipo nilipoogopa kuliko siku zote, kwa sababu niliuona uso wake. Hakujua kilichomo. Kama si yeye aliyekata ukili, basi ni mwingine, na yeye alikuwa anakaribia kukinywa bila kukijua. Akaipeleka kata mdomoni.

Baba akamshika kifundo cha mkono. "Lete hapa. Kwangu mgeni haanzi." Akaichukua, akanywa funda lake, si dogo, akafuta masharubu, akamrudishia. Jirani akamaliza lililobaki amefumba macho.

Kisha wakakaa wote wawili kwenye gogo moja kama maharusi, na sisi tukawatazama. Hakuna aliyeondoka. Baba akamwuliza habari ya mbuzi wake, akajibiwa kazaa mapacha. Akamwuliza ni majike? Mmoja jike. Bibi ndani alikuwa anasoma Yasini, sauti yake inakatika na kurudi. Jua likaingia bandani, nyuki wakaja, na watu wale wawili wakazidi kukaa, hai.

Aliyelimaliza jambo ni komba. Mteja mmoja aliinua kichwa akamwona kwenye makuti ya paa, kajilaza chali, mdomo wazi, kalewa hajijui, na kipande cha ukili kimemnasa kwenye kucha. Banda zima likalipuka kwa kicheko. Jirani alicheka mpaka akashika mbavu. Mimi nililia, na mama akaenda nyuma ya jiko akatapika.

Habari ya mpaka haikutajwa tena. Siku hizi pale pana ukuta mrefu wa nyumba ya wageni wa Diani, minazi imekatwa, na mahali pa banda sikupatambua. Baba alifariki kitandani, uzeeni, kwa kifua. Jirani alikuwa mmoja wa walioshuka kaburini kumpokea.

Mama alipokuwa edani ndipo aliponiambia. Msimu ule wote, kila alfajiri, kabla ya kushika kotama, baba alikaa ukingoni mwa kitanda akamwomba radhi, kama mtu anayesafiri. Wakati mwingine alishindwa kuyamaliza maneno, mama akamshika mikono mpaka itulie, akamwambia amemsamehe. Ndipo akainuka, akafungua mlango, akaanza mluzi.

Nami miaka yote hiyo nilijua kwamba mwoga wa nyumba yetu ni mimi.

Wanaonimiminia vinywaji siku hizi ni watu wema, sina neno nao. Ila hakuna hata mmoja aliyeaga kwao kabla ya kunipa kikombe.