Mbwa Niliyemharibia Jina

Andika hivi, mjukuu wangu, na usiongeze maneno ya shuleni: mbwa yule hakuwa na kosa. Jina lake baya nililitengeneza mimi, kwa mikono miwili na panga moja.

Alikuwa rotwaila, mbwa wa kizungu wa kulinda. Baba yako alimleta hapa Kitengela baada ya wezi kung'oa pampu ya kisima mchana kweupe, nami nikiwa kanisani. Alikuwa mweusi, mwenye alama za kahawia juu ya macho na kichwa kikubwa kama debe. Nilipomwona nilishukuru. Kwa miaka mingi kitu cha kuogopwa katika ploti hii kilikuwa mimi peke yangu, na umri ulikuwa umeanza kunipunguzia ukali.

Asubuhi ya kwanza, kuku wangu mwekundu, aliyekuwa na vifaranga saba, alimdonoa puani. Mbwa alilia kama mtoto anayenyolewa, akakimbilia chini ya pikapu, na hakutoka hadi jioni. Chakula tulimsukumia huko huko. Tangu siku hiyo, kuku yule akipita, rotwaila alijifanya ana jambo la kutafuta nyuma ya nyumba.

Mwanamke mwingine angecheka. Mimi niliona aibu. Nimelea watoto sita bila kurudia neno mara mbili. Ningewaambiaje watu kwamba mlinzi wangu anamwogopa mama wa vifaranga? Nikaamua kuficha. Nilimfungia nyuma ya geti, nikamwita mchoraji wa mabango aandike MBWA KALI na kuchora kichwa chenye meno. Kusoma sijui, lakini kuhesabu meno najua. Alichora manane, nikamwambia hayatoshi.

Kisha nikachukua suruali kuukuu ya marehemu babu yako, nikaipasua kwa panga, nikaitundika kwenye seng'enge ya ua. Wanawake wa kikundi cha kanisa waliponiuliza ni ya nani, nilijibu kwa ufupi: "Mwenyewe alikimbia bila hiyo." Sikueleza zaidi. Msema machache huaminiwa upesi, na mimi hakuna aliyewahi kunisikia nikisema uongo. Habari ilipofika soko la Kisaju, ninakouza mayai, mwizi mmoja alikuwa amekuwa watatu, na mmoja wao alikuwa amelazwa hospitalini Kajiado. Nilisimama nikasimuliwa habari yangu mwenyewe, nikatikisa kichwa kwa huzuni. Moyoni nilifurahi sana.

Haukupita mwezi, mbuzi wawili wa mwenyekiti wetu wa nyumba kumi wakakutwa wameuawa nyuma ya ua wake. Alikuja kwangu, akasimama mbali na geti.

"Shosho, mimi nakuheshimu," alisema. "Lakini huyo mnyama amezoea damu. Jumamosi tunakaa kikao, na daktari wa mifugo atakuja na sindano ya kummaliza."

"Hajatoka hapa hata siku moja."

"Kama aliweza kumvua mtu suruali, mbuzi ni nini kwake?"

Jibu lilikuwa linaning'inia kwenye seng'enge, kati yetu. Baba yako alipendekeza tumpeleke Magadi kwa rafiki yake. Mbwa mweusi mwenye manyoya mazito, katika joto lile! Nilimwambia kama ni kumpika, jikoni kwangu kuna kuni. Kisha nikaenda kumtazama. Alikuwa amelala, kidevu kikiwa juu ya gambuti yangu, kiatu cha mpira cha shamba. Hicho ndicho kitu pekee alichowahi kulinda.

Nilikuwa na siku nne za kumsafishia jina. Nilimfunga shingoni kitambaa changu cheupe cha kanisani, nikamtoa kwa kamba hadi madukani, ili watu waone upole wake. Waliona bibi kizee akiburutwa. Ukweli ni kwamba alikuwa ameona kuku wa watu ng'ambo ya barabara na alikuwa anarudi nyumbani. Mwenye bucha alifunga dirisha. Mama mboga alipanda juu ya kreti za nyanya.

"Huyu ni mpole," nilimwambia nikipita kwa kasi.

"Sawa, Shosho, lakini mpitishe upande ule. Leo niko na sketi ya kuazima."

Jumamosi tulikaa kwa mwenyekiti, kwenye viti vya plastiki, baba yako akiwa amemleta mbwa. Daktari alikuwa ameweka mkoba wake magotini. Nilisimama, nikasema jambo ambalo sijawahi kulisema mbele za watu: "Nilidanganya. Suruali ile ni ya marehemu mume wangu, na niliipasua mimi. Mbwa huyu hajawahi kuuma mtu."

Kisha kiongozi wa kikundi changu cha kanisa akainuka, akanitazama kwa upendo. "Tumwelewe Shosho," alisema. "Anampenda huyu mbwa mpaka amekubali kujisingizia. Mtu kama yeye hawezi danganya."

Wote wakatikisa vichwa kwa huzuni, vile vile nilivyotikisa changu Kisaju.

Jirani yangu Mmaasai, mzee ambaye ng'ombe wake hulishwa nyuma ya ploti zetu, akagonga chini fimbo yake. "Mimi nilisema siku ya kwanza nyayo pale kwa mbuzi ni za fisi. Mfupa ulivunjwa, hiyo ni kazi ya fisi. Mkaniuliza, na suruali?"

"Na kweli," alisema mwenyekiti, "na suruali?"

Ndipo nilipokivuta kikapu changu. Nilikuwa nimekifunika kwa leso, na nadhani mwenyekiti alitarajia mayai. Nilifunua. Kuku mwekundu akatoka, akajikung'uta, akatazama huku na huku. Rotwaila aliyekuwa ameshikwa na baba yako kwa mikono miwili akachomoka, na wanawake wakapanda viti. Lakini alikuwa anakimbia kuelekea upande mwingine. Aliingia chini ya meza ya mwenyekiti, meza ikainuka naye, daftari la kikao likaanguka kwenye chai. Kuku akamfuata bila haraka, kama askari wa kanjo anayejua kwamba mwenye duka hana leseni.

Daktari ndiye aliyekuwa wa kwanza kuamua: alifunga mkoba wake. Alicheka hadi akawa anakikosa kishikizo.

Watu walipotawanyika, yule mzee alinijia. "Takwenya," alinisalimu kwa Kimaasai, kama mgeni anayeonana nami mara ya kwanza.

"Iko," nikaitikia.

"Sasa mbwa ako na jina zuri. Wewe ndiyo utatafuta lingine."

Ndivyo ilivyokuwa. Rotwaila huletewa mifupa na watu waliotaka afe. Mimi nikisema kikundini kwamba ibada ni saa tatu, kuna mtu hutazama saa yake. Nilimwita mchoraji afute meno, na akaniomba nithibitishe agizo hilo mbele ya mashahidi.

Wiki iliyopita mwanamume kutoka Kisaju alifungua geti bila kubisha, akamruka rotwaila pale mlangoni alipolala, akanisalimu vizuri. "Shosho, nimekuja kuuliza bei ya yule kuku."

"Hauzwi," nilisema. "Ndiye anayelinda boma."

"Ni kweli, ama ni kama ile ya suruali?"

Nilikwenda nikamfungulia kuku.