Losheni ya Upele na Viini vya Mayai

Niliaibika, sikatai, tena kanisani mbele ya watu wote, lakini nasimulia mwenyewe kwa sababu nimechoka kusikia kwamba hadi huko mjini Kamanyola wanaisimulia vibaya habari hii.

Mimi hutengeneza losheni ya upele hapa Uvira, mafuta, maji na unga wa salfa (ule wa njano, unaonuka yai viza hata ukiwa mzima kabisa). Vitu hivyo havipatani, salfa hutuama chini na mafuta huelea, kwa hiyo nilikuwa navishikanisha kwa uji mwepesi wa wanga wa muhogo, dawa ikakaa vizuri, ila ikikaukia mwilini iliacha alama nyeupe, na hapo ndipo wateja waliponikaba. Karibu wote ni wamama wenzangu wa korali (kwaya yetu ya kanisa), kila mmoja alikuja kwangu kwa siri akidhani anawashwa peke yake (kwetu ukiwa na upele watu wanasema huogi), hata mke wa mchungaji, anayetufundisha usafi, alikuja amejifunika kitenge hadi puani.

"Mama Espe," akaninong'oneza, "hii dawa inaniachia alama. Batu bataona."

Basi nikaacha muhogo nikatia viini vya mayai, vikashikanisha mafuta na maji ajabu, losheni laini, haionekani hata kidogo, nikajisifu. Sasa joto letu na yai mnalijua. Ingekuwa dawa nyingine ningenusa ikiharibika, lakini salfa na yai viza ni harufu ileile, ningejuaje mimi?

Jumapili tukasimama kuimba, bati juu linawaka, ziwani hakutoki upepo, jasho likaanza kututiririka, na uvundo ukapanda kutoka korali nzima, watoto wakaziba pua, mzee wa kanisa akapiga magoti kutafuta panya aliyekufa chini ya benchi zetu, wimbo ukakatika katikati. Tukaanza kunusana, na kila aliyemnusa jirani yake aliitambua harufu ya chupa aliyoificha nyumbani.

Mke wa mchungaji akanigeukia kwa sauti. "Mama Espe, ni weye njo umefanya korali inuke hivi?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, maana jina langu na biashara yangu vilikuwa vinaishia pale pale. Halafu nikakasirika.

"Ndiyo, iko dawa yangu," nikasema. "Mayai imeoza, kosa ni ya miye. Lakini mwenye alipakaa na bado anajikuna, anyooshe mukono."

Hakuna aliyenyoosha, na mke wa mchungaji akaangalia viatu vyake.

Mayai sitayatia tena, kwangu sasa ni ya kula tu. Nimerudi kwenye muhogo, alama ziwepo zisiwepo shauri yao, na kunong'onezana uani nimekataa: chupa zangu naziweka mezani mbele ya nyumba, mchana kweupe, kila mpita njia azione. Anayeona haya kununua, aendelee kujikuna.