Kufuli la Bomba

Bosi wangu, muuza vinyago wa Mwenge, alikodi seva ya tovuti ya duka lake kwenye mashine ya kampuni fulani, tukiichangia mashine hiyo na wapangaji tusiowajua. Picha za vinyago zilikaa kwenye folda ya mashine nyingine ya kampuni hiyohiyo, seva yetu ikizifuata kwa mtandao. Mie fundi wake wa kompyuta nikamwambia folda niifungulie seva yetu tu, wapangaji wengine wasiifikie.

"Acha uoga, braza. Weka wazi, watu waaminifu."

Watu gani? Wiki haijaisha, picha zote zimefutwa, folda imejazwa sinema za wahuni. Akaja juu, eti mie mzembe!

Nikamfuata kwake Mwananyamala niirekebishe folda. Nikamkuta uani, ufunguo unaning'inia shingoni, anafunga bomba kwa kufuli. Majirani walewale waliomzikia mama yake, maji anawafungia.