Diski ya Marehemu

Kazi iliyonilisha hapa mtaani Kianda miaka hii yote si barua za kuomba kazi ninazowachapia watu, ni matanga. Mtu akifa, familia huniletea picha, nami nawatengenezea programu ya mazishi, ile karatasi yenye sura ya marehemu mbele. Ndiyo maana kompyuta yangu ilipogoma, nilitoka mbio kutafuta diski mpya. Mtaa mzima wa wafu ulikuwa umefungiwa mle ndani, na diski ilikuwa ikikwaruza kama kucha kwenye bati. Mnicheke mkitaka. Niliogopa.

Asubuhi hiyo mama mmoja alikuja kwa miguu kutoka Kawangware. Nyumba yake ilikuwa imeungua, na moto haukumwachia hata picha moja ya kijana wake, yule aliyezikwa Kitui, ambaye programu yake niliitengeneza mimi.

"Imebaki ile yako tu," akasema. "Usiniambie imepotea."

Nikampa kiti. Nilikuwa tayari nimenunua diski mpya, zile nyembamba zisizo na sauti. Mpango ulikuwa kuweka humo mfumo mpya wa kuendeshea kompyuta, halafu niunganishe ile ya zamani pembeni na kuchota nitakachoweza kabla haijakata roho. Lo, ile mashine! Ajuza, na bado ina maringo. Ilikataa flashi ya kwanza niliyobebea mfumo, ikakataa mfumo wa kisasa, ikakubali ule wa nyuma yake baada ya kutukanwa vya kutosha.

Mfumo ulipoingia, skrini ikaleta tarehe ya ajabu. Kibetri kinachotunza saa kilikuwa kimekufa, kwa hivyo mashine ilikuwa imerudi hadi mwaka ilipotengenezwa. Nilitaka kurekebisha, mama akanishika mkono.

"Ngoja kidogo. Mwaka huo alikuwa darasa la tatu."

Nikaacha. Tukakaa hapo, watu wazima wawili, tukiangalia saa ya uongo ikihesabu dakika. Nani angemnyima?

"Haya, endelea," akasema mwenyewe baadaye.

Nikarekebisha saa, nikazima. Nikachomoa waya wa kile kidroo cha CD ambacho hakuna anayekitumia siku hizi, nikauchomeka kwenye diski ya zamani, nikawasha. Majina yakaanza kujitokeza moja moja. Mzee aliyekuwa akiniuzia maziwa. Jirani wa Kambi Muru. Mungu wangu, walikuwa wengi, na karibu wote niliwahi kuwasalimia.

Nikanakili picha ya kijana wake kwanza. Katikati diski ikalia mara moja, ikanyamaza. Nilijaribu tena na tena, wapi! Wale wengine wote wakaenda nayo.

Nikafungua kile kilichofika. Nywele, macho, tabasamu, kidevu. Kutoka shingoni kwenda chini, kijivu kitupu.

"Mama, pole sana," nikasema. "Imekula nusu. Hata ile suti imeenda."

Akasogea karibu na kioo cha kompyuta.

"Hakuwahi kuwa na suti," akasema. "Picha tuliyokuletea alikuwa na fulana yake ya kazi ya mjengo. Wewe ukambandika suti ya mtu mwingine hapo kwa kompyuta, ndiyo apendeze. Siku ya mazishi niliangalia hiyo karatasi nikaona mgeni, na tangu siku hiyo huyo mgeni ndiye alikuwa ananijia kwa ndoto."

Akapangusa vumbi kwenye kioo kwa leso yake, polepole, kuanzia kwenye paji la uso.

"Sasa ndiye. Nitolee kwa karatasi hivyo hivyo."