Ufunguo Kwenye Kopo la Ndengu

Mpaka leo nikiona akina mama wa kanisa letu hapa Hodge Hill, Birmingham, navuka barabara, na nikisimulia sababu mtanicheka, lakini chekeni mkijua aibu hii si yangu peke yangu, ni yangu na ya yule mwanamume aliyenioa.

Baba Tasha hupiga shabaha kwenye klabu, na risasi anajijazia hapa nyumbani kwa sababu za dukani, ati, haziendi mahali pamoja. Anasugua maganda yaliyokwisha pigwa mpaka yanang'aa kuliko sufuria zangu, anapima baruti kwenye kamizani kake punje kwa punje, na nikifunga mlango kwa nguvu ananifokea kwamba nimemtikisia. (Mtoto akilia hata hageuki.) Lakini ufunguo wa kabati la bunduki anauficha wapi? Kwenye kopo langu la ndengu. Nilipoukuta nikichota za kupika, akaniambia niurudishe tu hapohapo.

Basi siku hiyo afisa wa polisi akaja kukagua, leseni iongezwe muda. Baba Tasha alikuwa amekwama kwenye foleni akitoka kazini Sutton Coldfield, akanipigia nimpe mgeni chai, anakuja. Nikampa chai na mandazi. Akala, akaangalia saa, akaangalia tena. Mimi nilivyolelewa, mgeni hangojeshwi kitu kilichomo ndani ya nyumba, nikaingia jikoni, nikazamisha mkono koponi, nikamletea ufunguo huku natabasamu.

Akaweka kikombe chini polepole.

"Na wewe una leseni?"

Nikasema sina, mimi naogopa hata fataki. Akauliza nani mwingine anajua ufunguo hukaa wapi. Nikasema hakuna. Tasha wangu, miaka minne, akanyoosha mkono na kusema kwa Kiingereza chake cha Birmingham kwamba yeye anajua, huwa anamsaidia mama kuchambua ndengu.

Hapo ndipo nikaelezwa, kwa upole uliozidi kunitisha, kwamba hapa asiye na leseni hatakiwi kujua ufunguo ulipo, hata awe mke. Baba Tasha alilijua hilo, mimi hakuniambia.

Afisa akatoka kupiga simu. Gari la pili la polisi likafika, na nyuma yake, kwa sababu nilikuwa nimesahau kabisa kwamba maombi ya wiki hiyo yalikuwa kwangu, wakafika akina mama na mahotipoti yao. Wakasimama mlangoni bunduki zikipita mbele yao, na masanduku ya risasi nyuma yazo.

Mama Shiku akanishika mkono, akaninong'oneza, "Mama Tasha, ameua nani?"

Ndipo Baba Tasha akatokea mbio. Akaambiwa leseni imesimamishwa, mashindano ya Jumamosi asahau. Akanigeukia mbele ya wote.

"Kwa nini ulimpa?"

"Na wewe kwa nini uliniachia nijue?"

Mpaka leo bunduki bado ziko polisi. Zikirudi, afisa akija tena atapata chai na mandazi, basi. Hata akiniuliza mume wangu hulala upande gani wa kitanda, sijui.