Hendeli ya gari la bwana ilimvunja mume wangu mkono, sasa naogopa kumpeleka hospitali

(Jina la dada huyu, la mumewe na la shamba tumeyaacha, kama alivyotuomba. – Mhariri)

Mimi ni mama wa miaka ishirini na sita, nina watoto wawili, na ninaishi na mume wangu katika shamba la Mzungu huku juu Molo. Kusoma nilifundishwa misheni, kwa hiyo barua hii nimeiandika mwenyewe. Nitampa dereva wa lori la maziwa aitie posta Nakuru. Mwandiko ukiwa mbaya mniwie radhi, nina haraka na nina hasira.

Mume wangu ni dereva wa Mzungu huyo, tunayemwita bwana. Bwana ana lori kuukuu alilolijengea nyumba mgongoni, lina kitanda, jiko la mafuta ya taa, beseni la kunawia, hata mapazia ya maua. Zamani lilikuwa gari la kwenda kuvua samaki na kuwinda. Tangu Hali ya Hatari itangazwe kwa ajili ya watu wa msituni, bwana na memsabu wanalala humo. Gari huegeshwa likielekea mteremko wa lango, tayari kukimbia, na taa zake huachwa zikiwaka usiku kucha zikimulika vibanda vyetu. Nikitoka nje kivuli changu huonekana ukutani kikubwa kama cha mwanamume, na najua dirishani mwa gari kuna bunduki. Watoto wangu hawalali vizuri tena.

Betri gani itavumilia taa za usiku kucha? Asubuhi ile bwana na memsabu walikuwa wanakwenda pwani kupumzika. Bwana akabonyeza stata, gari kimya. Tukaitwa kusukuma. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya wanaume na nyimbo zao, lakini siku hizi wanaume wengi wa hapa wamechukuliwa na polisi, na nyapara amekataza watu kuimba pamoja. Tulisukuma sisi wanawake, nyapara na mume wangu, bila sauti, kama watu waliobeba maiti. Lori likateremka kidogo, magurudumu yakazama kwenye tope la lango, basi. Betri ya trekta nayo bwana alikuwa ameipeleka kufungiwa kituo cha polisi ili trekta lisiibwe. Ikabaki hendeli, kile chuma cha kuzungushia injini kwa mkono mbele ya gari.

Sasa sikilizeni vizuri. Lori lile ni la kizamani, lina kishikio kidogo karibu na usukani ambacho lazima kishushwe kabla ya mtu kupiga hendeli. Kisiposhushwa, injini hurudi nyuma na kumpiga anayezungusha. Mume wangu hukishusha mwenyewe, akakitazama tena, ndipo akaenda mbele. Hajawahi kumwachia mtu. Lakini siku ile bwana alikuwa amekaa kwenye usukani, bastola mapajani, hataki kuteremka. Huku kwetu nani atamwambia Mzungu mwenye bastola asogee kidogo? Mume wangu alijaribu kwa adabu.

"Bwana, naomba nitengeneze kitu kidogo hapo kwa usukani."

"Wewe iko kelele mingi! Zungusha! Upesi!"

Akazungusha. Mara ya kwanza hakuna kitu. Mara ya pili injini ikakohoa na kumrudishia hendeli kwa nguvu. Mimi nilikuwa nyuma ya lori na nilisikia mfupa ukivunjika. Alianguka magotini. Halafu, na hili ndilo linaloniuma kuliko yote, aliinuka, akamwonyesha bwana kile kishikio kwa kidole, bwana akakishusha, naye akapiga hendeli tena kwa mkono wa kushoto. Gari likawaka, likajikokota kutoka topeni. Bwana akasema, "Mzuri sana," akaenda zake.

Nilidhani mkono utapona kwa kufungwa vijiti. Lakini mfupa ulikuwa umetoboa ngozi. Ukavimba, na sasa unanuka. Hospitali iko Nakuru, dispensari iko Elburgon, ila hatuwezi kutoka shambani bila pasi, na pasi huandikwa na bwana peke yake, naye bado yuko pwani. Tena msako umeanza. Homgadi, askari weusi wa serikali, wanapita mashamba ya jirani wakiwavua wanaume mashati, wakitafuta watu wa msituni waliojeruhiwa. Kule bondeni walimkuta mtu aliyejikata kwa panga akipasua kuni, wakaondoka naye. Mke wake hadi leo hajaambiwa yuko wapi.

Nikamwendea nyapara, aliyesukuma lori bega kwa bega na mimi. Nikamwomba homgadi wakija aseme tu alichokiona.

"Mama, mimi siku hiyo nilikuwa nyuma ya gari. Sikuona kitu."

"Hata mimi nilikuwa nyuma, mzee, na nilisikia!"

"Basi wewe ulisikia." Kisha akashusha sauti. "Watakuja hapa pia. Mfiche huyo, ama aondoke. Mimi niko na watoto."

Nilimtukana maneno ambayo mhariri hawezi kuyachapa. Lakini nikirudi nyumbani nilijua kwamba haogopi bure.

Mume wangu anasema tungoje, bwana atarudi, ataeleza. Ataeleza nini? Kwamba alikataa kuondoka kitini? Nimefikiria kumpitisha msituni hadi Elburgon. Akikutwa msituni na jeraha, bila pasi, ni nani atakayesikiliza habari za hendeli? Na akibaki hapa, ninaona mwenyewe mkono unavyokwenda. Leo asubuhi nilikuwa nikimwosha vidole vya mkono huo. Nilivishika kimoja kimoja, nikavifinya, yeye akitazama mlango. Akaniambia, "Mama watoto, anza basi, maji yatapoa." Nami nilikuwa nimeshaviosha vyote.

Najua gazeti hufika huku limechelewa. Hata hivyo nawaomba, hasa ninyi mama zangu mliowahi kuuguza mtu mkiwa na hofu: nimtoe au nimfiche? Msiniambie nivumilie, hilo nimeshaambiwa. Niambieni nipite naye njia gani.